Mwacheni Mama wa Makopo Auze

Mwandishi anayetaka biashara ya vyuma chakavu ipigwe marufuku Kitui na Makueni anamwonea mnyonge. Debe kuukuu ambalo vijana wamelifanya shabaha ya mishale, likatobokatoboka hadi halishiki maji, si mali ya wizi. Mama anayeokota makopo akilifikisha kwenye mizani ya mnunuzi, ni unga wa jioni. Na msumari wenye kutu, mhunzi wa Kikamba huufua ukawa kichwa cha mshale.

Januari 2022, nguzo za umeme za laini ya Kiambere–Embakasi zilianguka, Kenya ikaingia gizani, lawama zikawaangukia wezi wa vyuma vya nguzo, na Rais Uhuru Kenyatta akasimamisha biashara nzima ya vyuma chakavu. Waokotaji wakalala njaa! Sheria ya Vyuma Chakavu ya 2015 tayari inamtaka mfanyabiashara awe na leseni. Mkagueni anayenunua vyuma vya nguzo.