Ngazi za umeme zitengewe fungu la matengenezo

Mkulima wa pamba wa Ngulyati, mkoani Simiyu, bado hana haja na ngazi za umeme. Lakini reli ya SGR ya Mwanza hadi Isaka inapita Malampaka, humu humu Simiyu, na stesheni kubwa za njia ya Dar es Salaam hadi Dodoma, iliyozinduliwa Agosti 2024, tayari zina ngazi hizo. Je, zitadumu miaka mingapi?

London, ambako ngazi ya kwanza kwenye treni za chini ya ardhi iliwekwa stesheni ya Earl's Court mwaka 1911, hesabu ni kama miaka 40, mradi zifumuliwe na kukarabatiwa njiani. Uzembe una bei yake. Novemba 18, 1987, njiti ya kiberiti iliwasha grisi na taka chini ya ngazi ya mbao ya stesheni ya King's Cross jijini humo. Watu 31 walikufa.

Kwetu ngazi ikizimika, abiria huipanda kwa miguu na mambo yakaisha. Hapo ndipo tunapokosea. Shirika la Reli litenge sasa fedha za vipuri, usafi na mafundi wake lenyewe, ngazi zikingali mpya.