SI KILA KIOTA CHA MIIBA NI CHA KWELEAKWELEA

Ndugu msomaji, katika Nkuhungu na sehemu nyingine za Dodoma zinazozidi kujengwa, mtu akishapata kiwanja kazi yake ya kwanza ni kukisafisha. Mgunga ulio katikati hukatwa, na pamoja nao huanguka matita ya miiba na nyasi kavu yaliyokuwa yakining'inia matawini. Watoto nao huyatupia mawe matita hayo, wakirudia neno walilolisikia kwa wakubwa: "Hao ni kweleakwelea!" Leo tumtazame mshitakiwa huyu kabla ya kumhukumu.

Chuki dhidi ya kweleakwelea ina sababu yake. Nchi ya Ugogo hupata mvua za msimu mmoja tu, tangu Desemba hadi Aprili, kiasi cha milimita 570 hivi kwa mwaka. Mtama na uwele huustahimili ukame huo, na punje zake ndizo azipendazo ndege huyo. Kweleakwelea mmoja ana uzito wa gramu 20 hivi, naye hula kiasi cha gramu 10 za punje kwa siku. Kundi la ndege milioni moja, basi, laweza kumaliza tani 10 kwa siku moja. Hicho ni chakula cha familia nyingi.

Hata hivyo, kweleakwelea ni mmoja tu katika ukoo mkubwa wa ndege wafumaji, wenye aina zaidi ya 100. Katika mapori ya migunga ya uwanda wa kati anaishi ndugu yake asiyejulikana sana, ambaye wataalamu humwita Dinemellia dinemelli. Waingereza walimwita mfumaji wa nyati mwenye kichwa cheupe, kwa sababu alionekana akifuatana na nyati na kula wadudu wanaotimuliwa na kwato zao. Makazi yake ni Afrika ya Mashariki na Pembe ya Afrika tu.

Kumtambua si kazi. Urefu wake ni sentimita 18 hivi, na uzito wake ni mara tatu ya kweleakwelea au zaidi. Kichwa na kifua ni vyeupe, mgongo na mabawa ni ya kahawia iliyokoza, na akiruka huonyesha kiuno chenye rangi ya machungwa inayokaribia wekundu. Hutembea ardhini katika vikundi vidogo, mara nyingi pamoja na kwenzi, akitafuta wadudu, matunda na mbegu.

Nyumba yake ndiyo ya kustaajabisha. Huijenga kwa vijiti vya miiba, akaitandika nyasi laini ndani, na mlango akauelekeza chini. Kisha hupanga miiba mingine juu ya tawi linaloelekea kiotani, ili adui asipite, kama mfugaji anavyozungushia zizi lake. Viota hivyo hutumika pia kwa kulala, hata wakati usio wa kutaga mayai.

Kweleakwelea hana subira ya ujenzi wa namna hiyo. Kiota chake ni kibumba kidogo cha majani membamba, na mti mmoja huweza kubeba mamia ya viota hivyo. Hulea makinda kwa wiki chache tu, kisha kundi zima huhama. Yuko pia mfumaji mwingine wa nyati, mweusi mwenye mdomo mwekundu, ambaye hurundika vijiti vingi juu ya mibuyu na migunga. Mdomo huo usikudanganye. Huyo naye si kweleakwelea.

Tofauti hizi zina uzito, ndugu msomaji. Makundi ya kweleakwelea huangamizwa kwa sumu ya fenthioni inayonyunyizwa kwa ndege za angani, na sumu haiulizi ukoo. Anayepeleka habari kwa bwana shamba akiwa na hakika ya alichokiona huokoa mtama mapema. Anayekosea hupoteza muda wa wataalamu, na huenda akawaponza wasio na hatia.

Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulipitishwa mwaka 1973, na mji ukatangazwa kuwa jiji mwaka 2018. Jiji ni lazima lijengwe, na watu ni lazima wapate pa kuishi. Lakini mgunga ulio pembeni mwa kiwanja haumzuii fundi kuweka msingi, na kivuli chake kitahitajika sana katika jua la Oktoba.

Basi Jumapili hii, mzazi, toka nje pamoja na wanao. Mkiuona mti wenye viota, hesabuni ni vingapi, tazameni vimejengwa kwa nini, kisha subirini mwenye nyumba arudi. Akiwa na kichwa cheupe, mwambie mwanao aliteremshe jiwe lake.