Wosia wa Mjane Si Uchuro

Aghalabu mume au mke anapofariki, jamaa hukusanyika, matanga huanuliwa, kisha kila mtu hurejea kwake. Anayebaki ni mjane au mgane pamoja na watoto, shamba na madeni. Ataambiwa ajikaze, aombe na avumilie. Ni nadra mno kumsikia mtu akimwambia aandike wosia. Anayethubutu kulitaja jambo hilo huonekana mwenye uchuro, kana kwamba kalamu na karatasi ndizo zinazomwita Israili. Maoni yangu ni kinyume cha hayo: hakuna anayehitaji wosia zaidi ya mtu aliyekwisha kufiwa na mwenziwe.

Sababu yenyewe ni bayana. Wazazi wawili wakiwa hai, mmoja akitangulia, mwingine husalia kuwa ngao ya watoto. Ngao hiyo ya pili ikivunjika, hakuna ya tatu. Kwa mujibu wa Sheria ya Urithi ya Kenya, Sura ya 160, iliyoanza kutumika mwaka 1981, mzazi aliyebaki akifa bila wosia, mali yake hugawanywa sawa kwa sawa miongoni mwa watoto wake, wa kiume kwa wa kike. Usawa huo ni haki kubwa. Hata hivyo, haujui kwamba mtoto mmoja ana ulemavu na mwingine amekwisha kusomeshwa hadi chuo kikuu. Isitoshe, hauelezi ni nani atakayemlea kitindamimba wa miaka saba. Mzazi ndiye ajuaye, na sheria ya watoto inamruhusu kumteua mlezi kwa njia ya wosia. Asipofanya hivyo, ami na wajomba watavutana, na wapiganapo fahali wawili ziumiazo ni nyasi.

Huenda msomaji akauliza: je, haitoshi kusema kwa mdomo? Sheria inautambua wosia wa mdomo iwapo tu umetamkwa mbele ya mashahidi wawili au zaidi, na msemaji akafariki kabla ya miezi mitatu kupita. Maneno matupu yana hatari zake. Wakili S. M. Otieno alipofariki mwezi Desemba 1986, mjane wake, Wambui, alitaka kumzika Matasia karibu na Ngong. Ukoo wa Umira Kager ukashikilia kwamba sharti azikwe Nyalgunga, Siaya. Kila upande ulileta mashahidi waeleze kile alichokisema marehemu. Maiti ilikaa bila kuzikwa takriban miezi mitano, hadi Mahakama ya Rufaa ilipoupa ukoo ushindi mwezi Mei 1987. Ni kweli kwamba matakwa ya marehemu kuhusu mazishi hayaifungi mahakama hata yakiandikwa. Lakini maandishi yangeondoa angalau ubishi kuhusu kile alichokitaka.

Wapo wanaodai kuwa wosia ni desturi ya kigeni. Hao wamesahau fasihi yetu wenyewe. Mnamo mwaka 1858, Mwana Kupona binti Mshamu, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake utendi wa mawaidha. Hakugawa mashamba katika utendi huo, bali aliusia mwenendo. Hata hivyo, alitambua jambo ambalo wengi wetu tunalikwepa: mzazi aliyebaki peke yake hana budi kunena mapema, kabla sauti haijamkauka.

Kuandika wosia si kazi ya matajiri wala ya mawakili pekee. Mwenye wosia awe mtu mzima mwenye akili timamu. Atie sahihi mbele ya mashahidi wawili au zaidi, nao watie zao. Atahadhari asimfanye mrithi kuwa shahidi, kwani shahidi anaweza kuipoteza sehemu aliyoachiwa. Amtaje wasii anayemwamini, kisha auhifadhi waraka mahali panapojulikana. Mwislamu naye azingatie kwamba mirathi yake inafuata sheria ya Kiislamu, na wosia wake haupaswi kuvuka thuluthi ya mali.

Jambo la kwanza kwa mjane, hata hivyo, ni kutambua kilicho chake. Hati ya shamba ikiwa ingali kwa jina la marehemu, aanze kwa kushughulikia mirathi ya marehemu mahakamani, kwa sababu mtu hausii asichokimiliki. Fauka ya hayo, azitazame upya fomu za chama cha akiba na mikopo, za malipo ya uzeeni na za bima, ambazo huenda bado zinamtaja marehemu kuwa ndiye atakayelipwa. Akifunga ndoa tena, akumbuke kwamba ndoa mpya huubatilisha wosia wa awali, isipokuwa kama uliandikwa kwa kuitarajia ndoa hiyo na mtu aliyetajwa.

Kuna hoja moja nzito ya wapinzani: kwamba wosia huzua chuki, kwani aliyepewa kidogo atanung'unika. Sikatai. Sheria yenyewe inamruhusu mtegemezi aliyesahauliwa kwenda mahakamani. Lakini manung'uniko dhidi ya uamuzi wa mama ni mepesi kuliko vita vya ndugu wasiojua mama alitaka nini. Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari.

Sisi wanafunzi wa Kiswahili tuna wajibu hapa. Sheria haikuamuru kwamba wosia uandikwe kwa Kiingereza, na Katiba ya 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi. Hata hivyo, wajane wengi huamini kwamba waraka wa sheria sharti uwe katika lugha wasiyoielewa, na hivyo huuahirisha hadi siku isiyofika. Tunaorudi nyumbani likizoni twaweza kukaa na mama, shangazi au babu aliyefiwa, tumweleze kwa heshima na kwa lugha aijuayo, kisha tumwachie kalamu. Tusimwulize atatuachia nini. Tumwulize angependa tuishi vipi atakapokuwa hayupo.