Si Mmea, Si Tumbawe: Madai Kuhusu Sifongo wa Chokaa

Minjila ni mahali barabara ya Lamu inapoachana na ile ya Hola na Garissa. Hapo habari za bahari hufika zikiwa zimepita midomo mingi, na za sifongo ndizo zinazopotoka zaidi.

Kwanza husemwa kwamba sifongo ni mmea. La. Ni mnyama, na hula. Kushika mwamba na kutulia hapo hakumfanyi kuwa mmea.

Wengine husema sifongo wote ni wa kuogea. Dai hili huenda limetoka Jambiani, Unguja, ambako kina mama hukuza sifongo kwenye kamba baharini na kuwauza. Wale ni wa kundi jingine kabisa: kiunzi chao ni nyuzi laini zisizo na mwiba hata mmoja. Sifongo wa chokaa, ambao hawafiki sehemu 1 kati ya 10 ya aina zote zinazojulikana, wamejaa spikuli, yaani vijiti vidogo vigumu vyenye ncha. Ukijisugua nao utajuta.

Dai lenye werevu kidogo ni hili: kitu kikamulie ndimu, kikitoa mapovu ni tumbawe. Mapovu ni ya kweli, ila hayathibitishi lolote zaidi ya kuwapo kwa chokaa. Tumbawe hujenga jiwe moja gumu chini yake na kukaa juu. Sifongo hubeba chokaa ndani ya nyama, spikuli moja moja. Ziangalie kwa hadubini: kuna zenye ncha 2, zenye ncha 3, na zenye 4. Ile ya ncha 3 hutengenezwa na seli 6, seli mbili mbili kwa kila mkono, na ikikamilika huupitisha mwanga kana kwamba ni fuwele moja. Sijui fundi gani wa binadamu angeweza kazi hiyo bila kuona.

Kisha kuna wanaodai kwamba ni donge lisilo na mpangilio. Chukua Leucetta chagosensis, sifongo wa rangi ya manjano ya ndimu anayeishi kuanzia Bahari ya Shamu hadi Pasifiki. Spikuli zake nyingi zina mikono 3 iliyoachana kwa pembe zilizo sawa, na kati yake kuna vijumba vidogo vilivyotandazwa seli zenye mijeledi. Mijeledi hiyo huvuta maji kupitia vitundu vya ngozi, chakula kikanaswa, maji yakatokea tundu kubwa. Katika sifongo mwingine wa chokaa, mrefu sentimita 10 na mnene sentimita 1, vijumba vilikadiriwa kuwa zaidi ya milioni 2, na maji yanayopita kwa siku ni lita 22 na ushei. Hiyo ni jerikeni iliyojaa na kumwagika, kutoka kwa kiumbe wa unene wa kidole!

Eti hayo ni mambo ya bahari za Ulaya? Mtafiti Cyril Crossland alikusanya wanyama wa bahari Zanzibar na pwani ya Kenya mwaka 1901 na 1902. Sifongo wa chokaa waliokuwamo walielezwa na mtafiti mwingine, Jenkin, mwaka 1908, na aina aliyoiita wasinensis hubeba jina la kisiwa chetu cha Wasini.

Dai la mwisho ni kwamba haya hayawahusu watu wa Minjila. Yanawahusu. Mto Tana unapita karibu, na tope lake humwagika Kipini, katika Ghuba ya Ungwana. Mnyama anayeishi kwa kuchuja maji huzibwa na tope. Kila ukingo unaolimwa hadi majini, na kila mti wa mtoni unaokatwa, huongeza tope hilo.

Walimu wa Garsen wanaotaka kuwaonyesha wanafunzi spikuli watumie vipande vilivyokufa vilivyotupwa ufukweni. Wasiwang'oe walio hai, hasa ndani ya hifadhi ya bahari ya Kiunga.