Sikiliza injini kabla hujatoa laki nane

Jumapili iliyopita mpwa wangu na mumewe walifika kwangu kabla chai haijachemka. Walivyoketi tu, huyu huku na yule kule, nikajua hawakuja kunisalimu. Wameweka akiba katika chama kwa miaka mitatu na sasa wana laki nane za kununua gari la kwanza la nyumba yao. Mume amependa Volkswagen Golf ya mwaka 2011 yenye injini ya 1.2 TSI, ambayo yadi moja inaiuza laki saba na nusu. Mke anataka Toyota, yoyote ile. Wamenuniana wiki nzima.

"Shangazi, hebu mwambie," akaanza mpwa wangu. "Injini ya 1200 itabeba familia kweli? Si hiyo ni ya pikipiki?"

Hapo nilimtetea mumewe, msomaji wangu, maana kosa hili wengi wetu tunalifanya. Tunasoma ujazo wa injini kama tunavyosoma ukubwa wa sufuria. Injini hiyo ina ujazo wa cc 1,197 na silinda nne, lakini ina tabo. Tabo ni kifeni kinachozungushwa na moshi unaotoka, nacho kinashindilia hewa ndani ya silinda ili petroli nyingi zaidi iungue. Ndiyo maana inatoa nguvu farasi 105, karibu sawa na Toyota nyingi za 1500 zisizo na tabo. Tena nguvu yake ya kuvuta ni nyutoni-mita 175, nayo inapatikana kuanzia mizunguko 1,550 tu kwa dakika. Ile Toyota ya 1500 hutoa kama 140, na mpaka uikanyage ifike mizunguko zaidi ya 4,000. Ukipanda kutoka Mai Mahiu kuelekea Limuru na watoto nyuma na gunia la viazi kwenye buti, tofauti hiyo utaisikia mguuni.

Mume akatabasamu. Nikamwambia asiharakishe.

Injini ndogo inayofanya kazi ya injini kubwa haina nafasi ya kuvumilia uzembe. Kile kifeni huzunguka zaidi ya mara 150,000 kwa dakika katikati ya moshi wa moto mkali, na kinachokilinda ni oili ileile ya injini. Golf hiyo inabeba takriban lita nne tu za oili. Ikipungua lita moja, umepoteza robo, na wengi wetu hatufungui boneti mpaka taa nyekundu iwake. Oili yenyewe si ile ya kupimiwa kwenye mtungi kando ya barabara. Ni ya sintetiki, yenye kiwango kilichoandikwa katika kitabu cha gari. Kule Ulaya kuna ratiba ya kampuni iliyoruhusu oili ikae hadi kilomita 30,000. Kwa foleni na vumbi letu, fundi wangu hataki izidi 7,000.

Halafu kuna cheni ya taimingi, na hapa ndipo nilipomwona mpwa wangu akisogeza kiti karibu. Injini ya 1.2 TSI ya Golf hiyo ya kizazi cha 6 ni ya familia inayoitwa EA111, na inajulikana duniani kote kwa cheni inayorefuka na kikaza-cheni kinachochoka mapema. Cheni ikiruka meno, valvu na pistoni hugongana, na hapo huongei tena habari ya kutengeneza, unatafuta injini nyingine. Volkswagen yenyewe iliachana na cheni hiyo. Golf ya kizazi cha 7 ilipokuja mwishoni mwa 2012, ilikuja na injini mpya ya 1.2 TSI, EA211, inayotumia mkanda na kuwa na valvu 16 badala ya 8. Maandishi ya nyuma ya gari ni yaleyale, TSI, lakini ndani ni injini mbili tofauti. Muuzaji hatakueleza hilo, na pengine hata yeye halijui.

Giaboksi sitaizungumzia sana. Ni DSG ya gia saba yenye klachi mbili kavu, na mwaka 2013 kampuni iliita magari mengi ya aina hiyo kuirekebisha. Ikishtukashtuka kwenye foleni unapoachia breki, ondoka.

Sasa hesabu. Mpwa wangu ni muuguzi. Kuna siku anatoka zamu saa tatu usiku, na njia yake ya kwenda Kitengela ni Mombasa Road. Mume anafanya kazi mchana, karibu na nyumbani. Kwa hiyo atakayekwama gizani akimpigia simu fundi si yeye anayeipenda Golf. Nilimwambia hivyo mbele ya mkewe, kwa upole, na alinyamaza kwa muda.

Sikumkataza. Nilisema hivi: laki saba na nusu ukitoa kwenye laki nane, unabaki na elfu hamsini. Bado bima, bado oili, na cheni na kikaza-cheni chake ambavyo gari la umri huo lisilo na risiti linapaswa kubadilishiwa kabla halijaanza safari. Akiipata kwa bei inayomwachia pesa hizo mkononi, ni gari zuri, nami nitapanda kiti cha mbele. Kama pesa zote zinaishia kwa muuzaji, wachukue Toyota wakalale.

"Lakini Shangazi, tuliisikiliza," mume akasema. "Iliwaka vizuri kabisa, haina kelele."

Nikamuuliza kama aliigusa boneti kabla ya kuiwasha. Mke ndiye aliyejibu. Aliegemea hapo akisubiri mumewe amalize kuongea na yule wa yadi, na ilikuwa na joto.

Cheni iliyolegea hulia injini ikiwa baridi, sekunde chache za mwanzo, kama misumari ndani ya mkebe. Oili ikishapanda, inanyamaza. Mwenye yadi aliyejua wateja wanakuja saa nne anaweza kuiwasha saa tatu.

Walipoondoka walikaa pamoja kwenye kiti kimoja cha matatu, nikawaona. Jumamosi wanarudi yadi saa moja asubuhi bila kupiga simu, na fundi wangu atakuwa nao. Mpwa wangu ndiye atakayeweka mkono juu ya boneti kwanza.