Mkweche usiovuka Namanga

MKAZI wa Meru aliyeona mkweche wa Land Rover usio na injini huko Arusha asiharakishe kuulipia. Kanuni ya KS 1515 ya mwaka 2000 hairuhusu kuingizwa Kenya gari lililopita miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Tanzania haikatazi, hutoza ushuru wa ziada kwa uchakavu.

Lakini injini na giaboksi kuukuu huja kwa makontena, zikauzwa Barabara ya Kirinyaga, Nairobi, hadi kwa mafundi wa jua kali wa Embu. Kinachozuiwa, basi, ni gari, wala si vyuma vyake. Nayo Land Rover ya 1975 iliyokwisha kusajiliwa nchini haiguswi na kanuni hiyo. Anayetaka kufufua moja aitafute humu humu, na stakabadhi zake za umiliki ziwe kamili.