Kutangulia kwa Kura Si Kumiliki Serikali

Ipo dhana iliyokita mizizi katika fikira za watu wengi, wasomi kwa wasio wasomi, kwamba uchaguzi wa bunge ukisha, chama kilichopata kura nyingi kuliko kila chama kingine ndicho kilichoshinda, na kwa kuwa kimeshinda, serikali ni milki yake. Na kwamba vyama vilivyokifuata nyuma, vikikutana vikaunganisha viti vyao na kushika hatamu, vimekinyang'anya haki yake mchana kweupe. Dhana hii husemwa kwa uthabiti kana kwamba ni kanuni ya hesabu, na hurudiwa na waandishi wa habari, na wanasiasa waliokosa madaraka, na wasomaji wenye nia njema, hata mtu anayeikataa huonekana mtetezi wa dhuluma. Mimi naikataa. Nasema ni batili katika asili yake, na nasema tena kwamba ina madhara, maana huwafunza watu kumlilia mmoja aliye mkubwa na kuwasahau wote waliobaki, ambao jumla yao humzidi.

Hoja hii haina haja ya kujadiliwa hewani, kwa kuwa iko nchi ambayo imeipima mara kadhaa kwa vitendo. Nchi yenyewe ni Luxemburg, iliyo baina ya Ubelgiji, Ufaransa na Ujerumani, ambayo eneo lake halifiki kilomita za mraba 2,600 na bunge lake lina wajumbe 60 tu. Tarehe 20 Oktoba 2013 raia wake waliitwa kupiga kura kabla ya wakati, baada ya kashfa ya idara ya ujasusi kuivunja serikali ya Jean-Claude Juncker, aliyekuwa Waziri Mkuu tangu mwaka 1995. Chama chake, CSV, ambacho ni chama cha Wakristo wa mrengo wa kati, kilipata theluthi moja ya kura na viti 23. Wasoshalisti wa LSAP wakapata viti 13. Waliberali wa DP viti 13. Chama cha Kijani viti 6. Na viti 5 vilivyosalia vikaenda kwa vyama viwili vidogo. Hapakuwa na chama kilichoikaribia CSV. Walakini Mtemi Mkuu Henri, aliyekuwa wakati huo mkuu wa dola kwa urithi, alipokwisha kumtuma Georges Ravarani, rais wa mahakama ya utawala, awasikilize viongozi wa vyama vyote na kumletea habari ya nani anaafikiana na nani, alimkabidhi kazi ya kuunda serikali Xavier Bettel wa DP, meya wa mji mkuu. DP, LSAP na Kijani wakafanya mkataba, wakapata viti 32, na tarehe 4 Desemba serikali yao ikaapishwa. Watu wakauita umoja huo Gambia, kwa kuwa rangi za vyama hivyo vitatu, nyekundu, buluu na kijani, ndizo rangi kuu za bendera ya nchi hiyo ya Afrika ya Magharibi.

Basi yakatokea malalamiko ambayo yamekuwa yakitokea kila mahali penye mambo ya namna hii: kwamba mshindi ametolewa nje na walioshindwa wameingia ndani. Nauliza: alishinda nini? Mpiga kura wa Luxemburg hapewi karatasi inayomwuliza ni nani awe Waziri Mkuu, wala ni chama gani kitawale. Anaulizwa ni nani wakae bungeni kwa niaba yake kwa muda wa miaka mitano. Nchi imegawanywa katika majimbo manne, Kusini lenye wajumbe 23, Kati lenye 21, Kaskazini lenye 9 na Mashariki lenye 7, na kila mpiga kura ana kura zilizo sawa na idadi ya viti vya jimbo lake. Akipenda atazitoa zote kwa orodha ya chama kimoja. Asipopenda atazigawa kwa watu wa vyama mbalimbali, na hata kumpa mgombea mmoja kura mbili. Mtu wa Kusini aweza kumpa msoshalisti kura, na mliberali kura, na mtu wa Kijani kura, na mtu wa CSV kura, katika karatasi ile ile na kwa mkono ule ule. Raia ambaye sheria yenyewe inamruhusu kuchanganya vyama katika chumba cha kupigia kura, kwa hoja gani tutamwambia kwamba wajumbe wake wamemsaliti walipochanganya vyama barazani?

Mfano wa bunge la namna hii ni jahazi la ushirika lenye hisa 60. Mwenye hisa 23 ndiye mshirika mkubwa, hapana shaka, na atasikilizwa kwa taadhima. Lakini wenye hisa 32 wakiafikiana nahodha awe nani na jahazi lielekee bandari gani, yeye hawezi kusema ameghasubiwa mali yake, kwa sababu hisa zake zote 23 bado anazo, na kilichomponyoka ni amri juu ya hisa za wenziwe, ambayo hakuwa nayo kamwe. CSV haikunyang'anywa hata kiti kimoja. Ilikaa bungeni ikiwa kundi kubwa kuliko yote, ikahoji, ikapinga, ikatetea walioichagua. Ilichokosa ni wajumbe wanane wa kuifikisha 31, na hao hupatikana kwa ridhaa tu, si kwa sharti.

Kisha tazama jinsi hata huko kuwa wa kwanza kusivyokuwa jambo la wazi kama lidhaniwavyo. Mwaka 1964, katika nchi ile ile, wasoshalisti walipata kura nyingi kuliko CSV, lakini CSV ilipata viti 22 na wao 21. Maana kura za jimbo lenye viti vingi hujumlishwa kuwa nyingi kwa kila mtu mmoja kuliko kura za jimbo lenye viti vichache. Nani basi alikuwa wa kwanza mwaka huo, na nani aliyeporwa? Anayeshika dhana ninayoipinga hana jibu, kwa kuwa kipimo chake humpa washindi wawili kwa serikali moja. Lakini mtu anayeuliza swali lililo sahihi, yaani ni nani anayeweza kusimama mbele ya bunge akaungwa mkono na wajumbe walio wengi, ana jibu kila mara: mwaka huo Pierre Werner wa CSV aliendelea kuwa Waziri Mkuu, akiwa na wasoshalisti hao hao katika serikali yake.

Ithibati iliyo kubwa kuliko zote imo katika miaka iliyofuata uchaguzi ule wa mwaka 2013. Katika uchaguzi wa mwaka 2018 CSV ilipata viti 21 na ikawa ya kwanza tena; DP ikapata 12, LSAP 10 na Kijani 9, jumla 31, nao wakaendelea kutawala. Katika uchaguzi wa tarehe 8 Oktoba 2023 CSV ilipata viti 21 vile vile, haikuongeza wala haikupunguza. Ila safari hii Kijani walianguka kutoka 9 hadi 4, na vyama vitatu vya Bettel vikabaki na viti 29, ambavyo havitoshi. Kabla ya mwezi wa Novemba kwisha, Luc Frieden wa CSV alikuwa Waziri Mkuu, na DP yenye viti 14 ikawa mshirika wake, na Bettel mwenyewe akawa naibu wake na waziri wa mambo ya nje. Nafasi ni ile ile, viti ni vile vile. Mara ya kwanza vilikiweka chama nje, mara ya pili vikakiweka ndani. Kama kutangulia ndiko kunakompa mtu serikali, jambo hili halielezeki. Kama ni ridhaa ya wajumbe walio wengi, linaeleweka na kila mtu ajuaye kujumlisha.

Wapinzani wangu wana hoja moja yenye uzito, nami sitaipita pembeni. Wanasema: raia hakuuchagua muungano, alichagua chama, na viongozi wakajifungia wakapatana wao kwa wao mambo ambayo yeye hakuulizwa. Ni kweli kwamba hakuna aliyeandika jina la muungano katika karatasi yake ya kura mwaka 2013. Lakini ni kweli vile vile kwamba theluthi mbili ya kura zilikwenda kwa vyama visivyokuwa CSV, ilhali vyama vitatu vilivyoungana vilikuwa na nusu kasoro kidogo. Na kama kutochaguliwa na wengi ni aibu, basi aliye na theluthi moja anaipata wapi haki ya kumwaibisha aliyekaribia nusu? Dawa ya mapatano ya siri si kumpa chama kikubwa serikali kama tunu, bali ni kudai mkataba uandikwe na kutangazwa, ili raia ausome na aje aupime. Na raia wa Luxemburg waliupima. Mwaka 2018 walikwisha kuiona Gambia kwa miaka mitano, wakijua kila jambo lake, pamoja na sheria ya ndoa za jinsia moja, wakaipa wingi wa kiti kimoja. Mwaka 2023 wakainyima. Hapo ndipo hukumu ilipo, nayo ilitolewa na wenye kustahili kuitoa.

Anayetaka kujua nini hutokea pale dhana hii inapofuatwa na kutekelezwa, atazame Ureno. Katika uchaguzi wa tarehe 4 Oktoba 2015, muungano wa mrengo wa kulia wa Pedro Passos Coelho ulitangulia kwa viti 107, lakini bunge lina viti 230. Rais Aníbal Cavaco Silva akamteua yeye, kwa kuwa ndiye aliyetangulia. Serikali hiyo iliapishwa tarehe 30 Oktoba, na tarehe 10 Novemba bunge likaukataa mpango wake, ikaanguka. Msoshalisti António Costa, aliyekuwa wa pili, akapata tegemeo la vyama vya mrengo wa kushoto, akatawala mpaka muhula ukaisha mwaka 2019, na katika uchaguzi uliofuata chama chake kikawa cha kwanza. Katiba haikuvunjwa wala raia hawakudhulumiwa; ila wakati ulipotea kwa kumpa heshima ya serikali mtu asiyekuwa na wajumbe.

Najua kwa nini dhana hii hutupendeza sisi tusomao habari hizi kwa Kiswahili. Katika nchi zetu tumezoea kiti kimoja cha jimbo kiendacho kwa mwenye kura nyingi, na kiti kimoja cha urais ambacho hakigawanyiki; na miungano tuliyoijua, ya Kenya mwaka 2008 na ya Zanzibar mwaka 2010, ilizaliwa na haja ya kuzima moto au kuuzuia usiwake, ikawafunza wengi kwamba kuungana ni kugawana vyeo baada ya ugomvi. Sina lawama kwa anayefikiri hivyo kwa sababu ya aliyoyapitia. Namlaumu anayeyachukua mazoea hayo akayafanya mizani ya kuhukumia taifa ambalo sheria yake ya uchaguzi imetungwa kwa makusudi ili chama kimoja kisipate kila kitu kwa sehemu ndogo ya kura.

Na kama kuna mtu ambaye moyo wake unauma kweli kwa ajili ya haki ya raia katika Luxemburg, nitamwonyesha pa kuuelekeza uchungu wake. Karibu nusu ya wakazi wa nchi hiyo ni wageni, wanaofanya kazi, wanaolipa kodi na kulea watoto humo, na wote hao hawana kura katika uchaguzi wa bunge. Tarehe 7 Juni 2015 serikali ile ile ya Bettel iliwauliza raia kama waliokaa muda mrefu wapewe haki hiyo, na raia wakakataa kwa kura kama 78 katika kila 100. Huko ndiko kuna watu wasiosikilizwa. Nao si viongozi wa chama chenye viti 23 na vipaza sauti vya kutosha.

Kwa hiyo nawataka wenzangu wanaoandika habari za chaguzi waache kumtangaza mshindi kabla bunge halijasema ni nani linayemwamini, na wasomaji waache kuuliza tu ni nani aliyetangulia. Waulize muungano una wajumbe wangapi, umeahidi nini kwa maandishi, na umetimiza lipi kabla ya kurudi kwa wapiga kura. Chama kikubwa kinachotaka kutawala kitafute wenziwe, kiwashawishi, kikubali kupunguza matakwa yake. Kisipoweza, kushindwa huko ni kushindwa halisi katika kazi ya siasa, na hakuna mahakama wala gazeti linalopaswa kukiita mshindi.